Dola za Beatus Hazionekani Kwenye Simu Yangu

Shangazi Aurelia mpendwa, shikamoo. Nakuomba unisaidie haraka kabla sijafanya ujinga wa pili, maana wa kwanza nimeshaufanya na umeniondolea hata hamu ya kula.

Mimi naitwa Nyamizi, ni fundi cherehani hapa Lipangalala, Ifakara, nashona sare za shule na magauni ya kipaimara, na wazazi wangu wako Michenga, ambako baba yangu, Mzee Masalu, alihamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nina mchumba anaitwa Beatus, Mpogoro, kwao ni Sanje, kazi yake ni mpishi kwenye meli ya mizigo, tulijuana alipoleta suruali ipunguzwe kiuno akaja kuichukua mara nne wakati ilikuwa tayari tangu mara ya kwanza. Ni mtu mpole, Shangazi, mpole mpaka watu wanamwonea, na mimi sasa nimekuwa mmoja wao.

Baba alipokubali posa alitaka ng'ombe kama ilivyo kwetu, na upande wa Beatus ni watu wa mpunga na migomba, zizi hawana, kwa hiyo wazee wakakubaliana kwamba baba yake mdogo, Mzee Nickolaus, atanunua ng'ombe mnadani awapeleke Michenga, na Beatus alete fedha. Sasa kampuni yao inawalipa mabaharia kwa dola za mtandaoni, zile wanazoziita USDT, ambazo thamani yake inaifuata dola ya kawaida na haziruki ruki kama zile sarafu nyingine tunazozisikia, na kwa kuwa Mzee Nickolaus anatumia kitochi, simu ya kupiga na kupokea tu, Beatus alipokuwa likizo aliniwekea mimi pochi ya kidijitali kwenye simu yangu, akanionyesha anwani ya kupokelea, akanisisitizia niandike kwa mkono yale maneno kumi na mawili ya siri ambayo ndiyo ufunguo wa pochi, niyafiche, nisimpe mtu yeyote, hata yeye.

Basi juzi juzi akaniandikia, "Nyamizi wangu, nimetuma zote, angalia." Nikafungua pochi, sifuri. Nikazima simu nikawasha, sifuri. Nikaacha mteja na vipimo vyake nikakimbia mpaka stendi ambako mtandao una nguvu, sifuri. Nikamwambia sioni kitu, akasema zimefika, mimi nasema hazijafika, yeye anasema kwake zinaonekana zimetoka, na baba siku hiyo alikuwa amekuja mjini amekaa kwenye benchi langu la kibandani anasikiliza yote, akacheka akasema, "Mwanangu, huyo anakutania. Ng'ombe wa kwenye simu utampiga chapa wapi?" Na wateja wakacheka. Shangazi, nilipatwa na aibu nikaona giza, nikamwandikia Beatus kwamba yeye ni mwongo na mwizi, na kwamba bila shaka ana mwanamke kila bandari, na posa aihesabu imevunjika. Nikatuma. Ikaweka tiki moja tu, na tangu hapo hapatikani.

Nikaingia kwenye kundi moja la mtandaoni la watu wa sarafu hizi nikauliza, na hapo hapo mtu akanifuata pembeni, picha yake ni ya dada amevaa vifaa vya masikioni, jina lake Huduma kwa Wateja, anaandika kwa adabu, "pole sana dada yangu," akaomba anwani yangu ya kupokelea, kisha akanitumia herufi na namba ndefu nizibandike kwenye pochi, na nilipozibandika, Shangazi, ikatokea USDT na kiasi kikubwa kuliko hata alichosema Beatus! Nikaruka. Lakini haitoki, nikijaribu kuituma inagoma, na huyo dada anasema pochi yangu imefungwa kwa usalama, inatakiwa nijaze yale maneno kumi na mawili kwenye ukurasa wake ili aifungue, na nisipojaza kabla ya Ijumaa fedha zinarudi kwa aliyetuma. Beatus alisema nisimpe mtu. Lakini Beatus ndiye huyo hapatikani, na huyu ndiye anayejibu. Je, nijaze? Na kama Beatus hakuwa mwizi, Shangazi, mimi nimekuwa nani?

Nyamizi, Lipangalala.

SHANGAZI AURELIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Wasomaji wangu wanajua kwamba barua nazijibu hapa gazetini kwa zamu yake. Yako haikuwa ya kungoja zamu. Nilipofika pale penye maneno kumi na mawili nilichukua simu nikakupigia kwa namba uliyoiacha, na kwa ruhusa yako nawasimulia wenzako yaliyofuata, maana najua si wewe peke yako.

Ulipopokea tu nilikuuliza, "Umeshayatoa?"

"Bado, Shangazi. Nimejaza manne, nimesimama kuweka sindano."

"Ufunge huo ukurasa! Sasa hivi! Usijaze hata herufi moja!"

Nilipaza sauti mpaka wenzangu wakasimama. Wewe ukaanza kulia, mimi nikaanza kukubembeleza, hakuna kilichokuwa kinaendelea, ikabidi Edna aichukue simu. Edna ndiye msimamizi wa mitambo ya kompyuta hapa ofisini, na hana muda wa machozi.

Akakuuliza, "Hiyo USDT iliyotokea, zile herufi ndefu ulizozibandika alikupa nani?"

"Yule dada wa huduma."

"Basi hiyo ni jina tu. Kila tokeni, yaani kila sarafu ya mtandaoni, ina anwani yake ya mkataba, na hiyo anwani ndiyo inayoitambulisha. Jina na nembo mtu yeyote anaweza kubandika. Ametengeneza tokeni yake, ameiita USDT, amekurushia ili ushangilie."

Hukubishana. Ulisema, "Nimeelewa. Nembo ya shule nashona mimi, na naweza kuishona kwenye shati la mtu ambaye hajawahi kukanyaga darasani." Hapo nilijua akili imerudi kichwani.

Edna akakwambia tokeni hiyo ya uongo usiiguse, usijaribu kuiuza, usiibadilishe, na tovuti yoyote iliyoandikwa juu yake usiifungue. Ifiche isionekane, basi. Kisha akauliza Beatus alituma kwa mtandao gani, maana USDT hiyo hiyo hupita kwenye mitandao mbalimbali, na kila mmoja ni njia yake. Ukatafuta ujumbe wake ukasoma. Alikuwa amekuandikia, mwanangu. Jina la mtandao lilikuwepo tangu mwanzo, chini ya "Nyamizi wangu", ila wewe uliishia kwenye "angalia".

Edna akakuelekeza kwenye tovuti ambayo mtu yeyote anaweza kuona miamala yote ya mtandao huo, akakwambia ubandike anwani yako ya kupokelea. Anwani hiyo si siri, haifungui chochote. Tukasubiri. Cherehani ya jirani yako tunaisikia. Kisha ukasema kwa sauti ndogo, "Zipo."

"Zimeingia lini?" akauliza Edna.

"Siku ile ile aliyosema." Halafu ukasema, "Jamani, Beatus wa watu."

Sasa wasomaji wangu mnisikilize na ninyi, hasa wenye ndugu wa mbali. Pochi nyingi za simu hazikuonyeshi kila kitu ulicho nacho; zinakuonyesha zile tokeni ambazo zimeambiwa zionyeshe. Kuona sifuri si lazima kuwe ni kuibiwa. Huenda tokeni iko kwenye anwani yako ila haijaongezwa kwenye orodha ya pochi. Kuiongeza ndiko kulikomtia Nyamizi matatani, na kumbe ni jambo la dakika chache likifanywa kwa utaratibu.

Alifanya hivi. Alikwenda kwenye tovuti rasmi ya wenyewe wanaoitoa sarafu hiyo, kwa kuandika jina la tovuti mwenyewe, bila kubonyeza tangazo wala kiungo cha kundini. Huko akanakili anwani ya mkataba ya mtandao ule ule aliotumia Beatus, kwa sababu kila mtandao una anwani yake, na ukichukua ya mtandao mwingine hutaona kitu. Edna akamsomea kutoka kwenye kompyuta yetu, herufi kwa herufi mpaka ya mwisho, maana matapeli hufananisha mwanzo na mwisho wakabadilisha katikati. Zikalingana. Akachagua mtandao huo kwenye pochi, akaenda penye kuongeza tokeni, akabandika, jina likajijaza lenyewe, akahifadhi, na dola za Beatus zikaonekana.

Nyamizi, kigelegele ulichopiga kilinitoboa sikio. Nikamsikia mteja wako anauliza kama gauni lake limeungua.

Lakini hebu angalia: kuongeza tokeni hakukukugharimu hata senti, hakukukuuliza neno lolote la siri, wala hakukukutaka utoe idhini ya mtu kugusa fedha zako. Siku utakapoombwa kimojawapo kati ya hivyo ili tu uone salio lako, ujue uko na mwizi, hata awe anaandika "dada yangu" kila mstari. Hakuna huduma kwa wateja duniani inayohitaji maneno yako kumi na mawili. Hakuna. Yule mtu mfungie asikupate tena, na utoe taarifa polisi, wana kitengo cha makosa ya mtandao.

Na kwa kuwa manne ulishayaandika kwenye ukurasa wake, fanya alichokuagiza Edna: tengeneza pochi mpya yenye maneno mapya, uhamishie huko. Utahitaji sarafu kidogo ya mtandao wenyewe, ambayo si USDT, kwa ajili ya ada ya kutuma. Tuma kiasi kidogo kwanza, kikifika salama, ndipo utume kilichobaki. Kisha ujue kwamba sarafu hizi si fedha halali hapa kwetu, na likiharibika jambo huna dirisha la benki la kwenda kulalamika. Fedha za ng'ombe zisikae humo, zibadilishe ziwe shilingi. Usibadilishane na mtu usiyemjua kwa sababu tu ana bei nzuri, nenda na Mzee Nickolaus, na safari ijayo Beatus atafute njia ya kutuma kupitia benki.

Hayo ni ya simu. Sasa ya kwako.

Uliniuliza umekuwa nani. Umekuwa mtu aliyeona haya mbele ya wateja, akamtupia haya hiyo mtu aliye mbali asiyeweza kujitetea. Nakuonea huruma, maana kuchekwa na baba yako hadharani kunauma. Lakini baba yako alitania tu, Nyamizi. Wewe ndiye uliyeandika. Ulimwamini mtu mwenye picha ya vifaa vya masikioni kwa siku moja, ukamkana mtu aliyefuata suruali moja mara nne! Nilikwambia umwandikie Beatus mistari miwili: fedha zimeonekana, mimi nilikosea, nisamehe. Ukataka kuongeza maelezo ya mitandao na tokeni. Nikakukataza.

Na Beatus hakuwa amekununia. Alikuwa baharini, hakuna mtandao. Meli ilipotia nanga, Ijumaa, aliona ujumbe wako wa mwisho kwanza, akakupigia anacheka.

"Unaomba msamaha wa nini?"

"Soma za juu," ukamwambia.

Akasoma. Kisha akasema, "Mwanamke kila bandari? Nyamizi, mimi nikishuka melini nanunua vitunguu, narudi." Ukacheka ukidhani yameisha. Akaongeza taratibu, "Ila hilo la mwizi limeniuma."

Hapo, mwanangu, umeniandikia tena, barua ndefu kuliko ya kwanza, unauliza useme nini ili maumivu hayo yamtoke: umweleze ukurasa wa yule tapeli, umtumie picha za simu, umshonee shati? Shati mshonee. Maelezo acha. Mwite kwa jina lake, mwambie hukuwa na haki ya kumwita vile, kisha nyamaza umsikilize na yeye, hata akirudia mara mbili. Na akisema anahitaji siku za kutulia, mpe.

Ukitaka mfano huna haja ya kuja mpaka kwangu. Umeniambia mwenyewe kwamba Jumapili Mzee Masalu aliposikia fedha zilikuwepo muda wote, aliomba simu yako, akasimama mlangoni, akamwambia mkwewe, "Nilikucheka mbele za watu na ulikuwa mkweli. Ukija likizo, fikia kwangu kwanza." Akakurudishia simu, akaenda kufungulia ng'ombe. Hayo ndiyo maneno yote aliyotumia. Nenda ukafanye vivyo hivyo, leo, kabla meli haijang'oa nanga.