Nyasi za Kufunika Sukuma

Jumanne

Wamekula hata nyasi! Sukuma ningesamehe, labda. Lakini nyasi zile kavu nilizibeba kichwani siku tatu kutoka Masaba, kwa sababu hapa Dabani hazipatikani tena. Nilifunika matuta yote manane kama tulivyofundishwa kwenye kikundi, ili jua lisinyonye maji. Mvua ya msimu ilinyesha mara mbili tu ikakatika. Sasa kila tone la shamba hilo nalibeba mimi kutoka kisimani.

Asubuhi nikakuta ng'ombe wanne wa shemeji Wandera, mdogo wa marehemu mume wangu, wanatafuna katikati ya matuta kama wageni wa harusi. Sukuma imelala chini, imekanyagwa.

Nilimwita. Akaja polepole, mikono mgongoni.

"Shemeji, nani alikwambia uweke chakula ya ng'ombe kwa shamba?"

"Hiyo ni ya kuzuia jua, Wandera!"

"Sasa ng'ombe atajua hiyo?" Akacheka. "Na wao wanasikia njaa."

Kinachoniuma ni kwamba hakusema uongo. Mbavu zao zinahesabika, na malisho yamekauka mpaka mtoni. Lakini hata pole? Hata kusaidia kuwafukuza? Nimefukuza peke yangu, na mgongo huu...

Jioni mke wake akaja na bakuli. Eti Wandera ameomba sukuma kidogo ya kulia ugali.

Sikumnyima. Nilimchumia ile iliyokanyagwa. Sikuiosha.