Kompyuta Iliyonyamaza Wiki ya Mahojiano

Ijumaa, 7 Machi

Chai, kitanda, kompyuta. Kama kila asubuhi. Ila leo haikuongea.

Kawaida ikishawaka inaanza yenyewe, kwa ile sauti yake ya puani, kunisomea kilicho kwenye skrini. Leo feni inanguruma tu. Nimebonyeza vitufe vya kuamsha sauti, nikabonyeza tena. Kimya. Mwenye macho angetazama. Mimi niliweka kiganja kwenye skrini. Ina joto. Kwa hivyo iko hai, ila haisemi.

Jana jioni mfumo uliomba ruhusa ya masasisho. Niliruhusu. Kwa nini niliruhusu wiki hii?

Alhamisi ni mahojiano. Jopo la mwajiri litaniona kwa video kutoka Nairobi. Nifungue insha za wanafunzi, nizisome, nizisahihishe, wakiangalia skrini yangu. Wakiridhika, narudi darasani muhula wa pili kufundisha Historia na Kiswahili. Wasiporidhika, nastaafishwa kwa sababu ya macho. Sijafika hata miaka arobaini na mitano.

Naandika haya kwa Breli, kwa kibao na sindano ya kutobolea. Nilijifunza ukubwani, kwa hivyo ni polepole. Vidole vinauma. Naogopa.

Jumamosi, 8 Machi

Sijalala vizuri.

Mwaitu alipangusa meza ya kompyuta juzi. Ni mama mkwe wangu. Alikuja kutoka Matinyani macho yangu yalipoisha, akaingia jikoni, hajatoka. Anapika, anafua, ananipimia dawa. Mume wangu, Baba Mwende, anafanya kazi Matiliku na huja mwisho wa mwezi, basi tuko wawili nyumba nzima.

Asubuhi nilimuuliza kama alivuta waya. Sikuuliza vizuri. Niliuliza kama polisi. Akasema, "Sijagusa kitu chako." Akala chakula cha mchana jikoni peke yake.

Nimepapasa waya zote kutoka nyuma ya mashine hadi ukutani. Zote zimeshika. Spika zina umeme. Labda hakugusa. Labda aligusa akarudisha. Sijui ninawaza nini. Mwaka mzima ananiambia nipumzike, kazi niachie wenye macho. Nikishindwa Alhamisi atakuwa amesema kweli.

Jumapili, 9 Machi

Sauti imerudi.

Nilikumbuka binti yangu Mwende aliacha hedifoni zake za kuchomeka kwa USB alipoenda bweni. Nilizitafuta kwenye sanduku lake, nikazichomeka. Papo hapo ikaanza kuongea sikioni, katikati ya sentensi, kama mtu aliyekuwa akizungumza siku mbili hizi zote. Nililia kidogo.

Kumbe baada ya masasisho mfumo ulikuwa unapeleka sauti kwenye skrini, na skrini yangu haina spika. Haikuwa bubu. Ilikuwa inaongea mahali ambapo hakuna wa kusikia. Nimeirudisha kwenye spika zake.

Kwa hivyo Mwaitu hakugusa kitu. Sijamwambia. Nitamwambia.

Jioni. Furaha imekwisha. Nimetaka kuingia wifi ya Saida, mwenye duka hapa jirani. Yeye ni mtu wa Mwingi, wazazi wake ni Waislamu wa huko, na alinipa nywila yake siku niliyorudi kutoka hospitali. Mashine inasema hakuna kifaa cha wifi. Haisemi mtandao umekataa. Inasema kifaa hakipo kabisa.

Nimemtuma Mwaitu aulize kama duka lina mtandao. Upo sawa. Tatizo ni langu.

Jumatatu, 10 Machi

Kutwa kwenye terminali, dirisha la kuiandikia mashine maagizo.

Kadi ya wifi ipo. Mfumo unaiona ukiulizwa orodha ya vifaa. Haijafungwa kwa swichi yoyote. Ila hakuna kiendeshi, yaani kile kiprogramu kinachoifanya kadi ifanye kazi. Nilienda na simu mpaka langoni, ambako laini hushika, nikasikiliza majibu ya watu wenye kadi kama yangu. Wengi wameumia. Masasisho yameleta kerneli mpya, ule moyo wa Linux, mfumo wa mashine yangu, na kiendeshi cha kadi hii hakikujengeka juu yake. Dawa mbili. Kupakua vitu na kukijenga upya. Au kuwasha mashine kwa kerneli ya zamani, ambayo bado imo ndani.

Nimejaribu ya kwanza kwa laini ya simu. Inafika katikati, inakatika. Inaanza upya, inakatika. Laini hii haiwezi kubeba video pia, kwa hivyo hata simu yenyewe haitaniokoa Alhamisi.

Imebaki ya pili. Kerneli ya zamani inachaguliwa kwenye menyu inayotokea mashine ikiwaka, kabla mfumo haujaamka. Na kabla mfumo haujaamka hakuna sauti. Menyu hiyo haiongei. Inahitaji macho.

Macho yaliyo humu ndani ni ya Mwaitu. Saida yuko kwenye mfungo, anafunga duka jioni na kukimbilia futari ya watoto, na asubuhi duka linajaa. Ningemwomba yeye ingekuwa rahisi. Hiyo ndiyo aibu yangu.

Jumanne, 11 Machi

Nilimwomba msamaha kwanza. Nilimwambia sauti ilipotelea wapi na kwamba yeye hakuwa na kosa. Alikuwa anachambua maharagwe. Nikasikia maharagwe tu yakianguka kwenye sufuria.

Kisha nikamwomba anisomee skrini. Akasema miwani yake imechakaa. Akasema yeye husoma Biblia ya Kikamba, si Kizungu. Halafu akasema lile lililokuwa moyoni mwake siku zote.

"Mama Mwende, wakikurudisha huko ukaanguka kwa ngazi, nitamwambia nini mwanangu?"

Sikujua ni hofu. Nilidhani ni dharau. Mwaka mzima nilidhani ni dharau.

Nikamwambia, "Mwaitu, hapa ndani pia naanguka. Tofauti ni kwamba hakuna mtu ananisikia."

Akaendelea na maharagwe. Nimekaa chumbani. Sijui kama nimemkosea tena.

Jumatano, 12 Machi

Alikuja mwenyewe baada ya chai. Akavuta kiti. Harufu ya moshi na sabuni ya kufulia. Akasema, "Washa."

Menyu imejificha, lazima ubonyeze kitufe kwa wakati wake. Mara ya kwanza nilichelewa. Mara ya pili niliwahi mno. Akanishika kiwiko na kusema ataniambia skrini ikibadilika rangi, nibonyeze hapo. Ikabadilika, nikabonyeza. Akasema kumetokea maandishi meupe juu ya weusi.

Akaanza kusoma. Herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa sauti ya kanisani. A. D. V. A. Nilimwambia hapo hapo, ni mstari huo, wa chaguo za ziada. Nikashuka, nikaingia. Ndani kuna orodha ya kerneli, zinatofautiana kwa namba tu. Namba anazijua vizuri, aliuza mbuzi maisha yake yote. Akasoma kubwa, akasoma ndogo. Nikachagua ndogo.

Mashine ikawaka. Ikaongea. Nikauliza vifaa vya mtandao. Wifi ipo. Ya Saida ipo, imeunganishwa.

Mwaitu akauliza, "Ndiyo hiyo?" Nikasema ndiyo. Akaenda kuangalia moto.

Nimeiagiza mashine iamke kwa kerneli ya zamani kila mara, nisihitaji ile menyu tena.

Baadaye. Wifi inakatika. Inakaa muda, inapotea, inarudi. Nimegundua kadi inajizima kuokoa umeme. Nimezima tabia hiyo. Sasa imekaa tangu mchana. Lakini siiamini. Siamini kitu chochote chenye waya.

Alhamisi, 13 Machi

Imepita. Niandike kabla sijasahau.

Walikuwa watatu. Mwenyekiti ni mama mwenye sauti ya kuchoka. Nilifungua insha, sauti ikanisomea, nikasahihisha. Nilikuwa nikitoa jasho mpaka kitufe kinateleza. Katikati ya insha ya pili, mashine ikasema mtandao umekatika.

Kimya. Sauti za jopo zikapotea.

Nilifungua terminali, nikaandika agizo la kuunganisha. Nikakosea. Nikaandika tena. Imeunganishwa. Niliporudi walikuwa bado wapo.

Mwenyekiti akauliza nani amerekebisha. Nikasema ni mimi. Ningeishia hapo. Lakini aliuliza kama naweza kufanya hivyo kila siku peke yangu, darasani, na mdomo ukasema kweli.

"Hapana. Jana nilihitaji mama mkwe anisomee skrini. Kuna siku mashine itakataa kuongea, na siku hiyo nitahitaji macho ya mtu."

Nikasikia mtu anaandika. Wakanishukuru, wakakata.

Nimejimaliza mwenyewe. Mwaitu alikuwa mlangoni. Ameniletea uji.

Ijumaa, 28 Machi

Hakuna jibu. Naangalia barua pepe asubuhi, mchana, jioni. Mvua imeanza. Baba Mwende anasema nisubiri. Anasema kama mtu anayesubiri basi, si maisha yake.

Jumatano, 9 Aprili

Wamejibu. Nilimfanya Mwaitu akae kando yangu, nikazitoa hedifoni ili spika isome kwa wote.

Narudi. Nusu ya vipindi kwa muhula mmoja, kisha wataangalia tena. Shule itanipa msaidizi wa kusoma panapohitajika. Wametaja majibu yangu ya mahojiano kama sababu.

Mwaitu hajui Kizungu, nikamtafsiria. Kisha akauliza kama shule ina ngazi. Nikasema zipo, zina vyuma vya kushika. Akasema sawa.

Jumapili, 27 Aprili

Kesho shule inafunguliwa.

Mwaitu ameondoka baada ya ibada, amerudi kwake Matinyani kupalilia mbaazi. Alisema sasa ninaweza. Nilikuwa nikiomba aende tangu alipokuja. Nimesimama jikoni muda mrefu bila kujua la kufanya.

Nilianza kupapasa rafu. Amepanga kila kitu upya. Kopo la chumvi amelifunga uzi wa sufi shingoni. La sukari halina uzi. La majani ya chai, vifundo viwili.

Nimechemsha chai, yangu mwenyewe. Mvua inanyesha kidogo juu ya mabati.