Maji ya Songwe na barua ya Malawi

Asmaa, nimetoka kikaoni sasa hivi, nimejifungia stoo.

Unamkumbuka Vitus, yule anayesoma picha za satelaiti hapa ofisini Mbeya? Jana asubuhi aliona Mto Songwe umeacha njia yake, maji yanaelekea vijijini, kwetu na upande wa Malawi. Akamwomba bosi watu waambiwe wahame.

Bosi akasema, "Mto ni wa nchi mbili. Tusubiri barua ya wenzetu."

Barua, Asmaa. Alisema barua.

Leo imefika. Vitus akafungua picha mpya, akaweka kidole palipokuwa na nyumba ya dada yake Anjela. Maji matupu, na simu yake haipatikani.

"Jana alinipigia kuniuliza," Vitus akasema taratibu. "Nikamwambia asubiri tangazo."