Nani Ataniuliza Kama Nimepata Choo

Kwako baba Athmani, mume wangu,

Wajua sikupelekwa skuli, kwa hivyo anayeshika kalamu ni Mama Kadzo, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma. Nimemwambia aandike nisemavyo, asinitie adabu nisizokuwa nazo. Ameniuliza aandike choo ama mavi. Nimemwambia zote mbili, huyu alikuwa mume wangu, si mkwe wangu.

Nimekuja kukwambia nimepimwa choo. Usicheke.

Tangu uende, hakuna aniulizaye. Wewe kila asubuhi nikitoka uani ulikuwa umekaa pale kizingitini na kikombe chako, wauliza kwa sauti ya kusikiwa mpaka barabara ya Mtongwe: "Mama Athmani, umepata choo?" Nami nakwambia, "Nyamaza, mwanamume huna haya, majirani wanasikia." Wajibu, "Wao hawaendi?" Miaka yote ile nikaona ni utovu wa adabu. Kumbe ndiyo yalikuwa mahaba yetu.

Wakumbuka watoto wakiugua? Wewe ndiye uliyekuwa ukizifungua nepi, wazipeleka kwenye mwangaza kama mtu aangaliaye kitambaa dukani. "Hiki cha meno. Hiki cha tumbo, mpe uji mwepesi." Mamangu alikuona siku moja akaniambia, "Mwanangu, huyu usimwache, wanaume wengine hata kuinusa hawataki."

Nawe uliyekuwa ukiuliza cha kila mtu, chako ukakificha. Damu ukaiona ukanyamaza. Ukawa wachukua ndoo ya maji wewe mwenyewe, wasugua mwenyewe, nami nikasema mzee amekuwa msafi uzeeni. Mpaka siku uliyoanguka ndipo daktari alipotwambia, na wakati umekwisha kupita. Bado nina hasira nawe kwa hilo. Nakuombea dua kila swala, na hasira ninayo. Vyote viwili vimenikaa.

Basi mwaka huu nami nikaanza. Tumbo laguruma kama gunia la nazi likiburutwa. Choo kikawa mgeni, chaja kikitaka. Gauni zangu zikaanza kunipwaya, Mama Kadzo akawa aniangalia kwa pembeni. Athmani hupiga simu kutoka Arabuni kila Ijumaa. "Mama, hujambo?" "Sijambo, mwanangu." Ndiyo yameisha. Utamwambiaje mtoto wa kiume, kwa simu, mbele ya wenziwe, kuwa mamako hajapata choo?

Mama Kadzo akanikokota mpaka hospitali ya Likoni. Wakanipa kikopo kidogo kina kijiko ndani ya kifuniko, wakasema nikirudi nikirudishe na choo changu. Nikaja nacho nyumbani nikakitazama. Baba Athmani, mimi nimelelewa kuwa hupeleki kitu kwa watu kikiwa kinanuka. Hata taka huitupi bila kuifunga. Siku choo kilipokubali kuja, nilikitia humo, kisha nikachukua mrashi wangu nikakinyunyizia marashi ya waridi mpaka kikalowa. Nikafukiza na udi kile kikopo kwa nje. Nikakifunga kwa kitambaa safi.

Yule binti wa maabara, mtu wa bara, mpole, alipofunua akarudi nyuma.

"Nyanya, umeweka nini humu?"

"Marashi."

"Marashi ya nini?"

"Yako wewe, mwanangu. Nikuletee mavi matupu asubuhi yote hii, hujanywa hata chai, kwani mimi sina mama aliyenifunza?"

Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akanieleza taratibu kuwa wao huangalia minyoo, na damu isiyoonekana kwa macho, na wadudu wadogo wadogo, nami kwa marashi yangu nimewaharibu wote, hakipimiki tena. Akanipa kikopo kingine. Akanishika mkono akauliza, "Kwani mara ya mwisho ulipata choo lini, nyanya?"

Wallahi nililia. Pale pale, mbele ya watu wenye vikopo vyao. Yeye akadhani ni maumivu.

Nikapeleka choo kingine, bila marashi, kama kilivyo. Siku ya majibu nilivaa leso yangu nzuri. Nikwambie kweli, maana wewe sikuwahi kukudanganya: nusu yangu ilikuwa yaogopa, na nusu yangu ilikuwa yataka waniambie nina ugonjwa wako. Nilikuwa nimechoka na nyumba hii bila wewe.

Daktari akasema hakuna damu. Hakuna minyoo. Nikabaki kama abiria aliyeachwa ng'ambo, kivuko kikenda zake.

Akauliza, "Unakula nini, nyanya?"

"Chai na mkate."

"Mchana?"

"Chai na mkate."

"Unakula na nani?"

Hapo nikaikunja ncha ya leso yangu, naye hakunisukuma. Akanambia tumboni mwa mtu mna wadudu wengi, na wengi wao ni wema, ndio watusagiao chakula. Hao hutaka mboga, kunde, maziwa ya mgando. Mkate mtupu wa kila siku huwadhoofisha, na tumbo hulala. Akasema tena kuwa watu wakikaa nyumba moja, wakila chungu kimoja miaka mingi, wadudu wao huhamiana.

Nikamuuliza, "Na wa mume wangu wamo?"

Akanitazama kidogo. "Huenda wengine wamo, nyanya."

"Basi nimekuwa nikiwaua kwa njaa."

Nilirudi moja kwa moja mpaka nyuma ya jiko, kwenye kile kitalu chako cha mchicha. Sikukigusa tangu ulipokwenda. Magugu yamejaa, mbuzi wa watu wamepita, lakini mchicha umejiotea wenyewe kwa mbegu zako, mwembamba, mkaidi kama mwenyewe. Nikauchuma. Nikakuna nazi, nikaupika kwa tui zito ulivyokuwa ukipenda, na kunde pembeni. Nilipakua sahani moja. Mkono ulitaka kushika ya pili, nikauzuia. Nikala kwa niaba ya wote waliomo.

Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya, nikala tena, sasa na mtindi.

Leo asubuhi nimetoka uani nikasimama pale kizingitini pako. Mama Kadzo alikuwa amekwenda kazini zamani. Nyumba yote haina mtu. Nikangoja kidogo, kwa mazoea. Kisha nikasema, kwa sauti ya kusikiwa mpaka barabarani:

"Nimepata, baba Athmani."

Lala salama huko uliko. Wako niliobaki nao nitawalisha.

Mkeo,
Mama Athmani