Mtungi wa Buluu

Jumatatu, 4 Agosti

Maziwa yamepelekwa. Chai nimechuma mistari miwili kabla ya mvua. Sasa niko ghalani na kitabu cha gari, kile kilichokuja nalo kwenye kisanduku cha mbele. Nimekisoma mara tatu. Ndugu yangu Kiprono hajawahi kukifungua, na gari ni lake.

Gari lina turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa. Liko vile lilivyotoka kiwandani, hakuna kilichobadilishwa. Kitabu kinasema petroli ya kawaida inatosha. Lakini Jumamosi kuna mbio katika uwanja wa Chebunyo, na fundi Bett wa Litein amemwambia Kiprono kwamba bila petroli ya mashindano ataaibika. Amemuuzia mitungi miwili. Iko hapa karibu na mlango. Ya buluu, minene, kifuniko cha kubana.

Nimesoma maandishi madogo ya nyuma. Ina madini ya risasi. Ni sumu. Isitiwe kwenye gari la barabarani. Mtungi ukiisha usitumike kwa kazi nyingine yoyote.

Nadhani ni mimi peke yangu niliyesoma.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemwambia. Maneno niliyapanga tangu asubuhi, yakatoka nusu.

Okteni, ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye mtungi, si nguvu. Ni uvumilivu. Inaonyesha petroli inaweza kubanwa kiasi gani kabla ya kulipuka mapema. Injini iliyorekebishwa ili ibane zaidi inahitaji uvumilivu huo. Hii yetu haijarekebishwa. Ni kama kumvalisha mtu wa namba sita kiatu cha namba kumi ili akimbie zaidi.

Kiprono alicheka. "Wewe soma vitabu, mimi nisome barabara."

Bett alikuwepo, anakunywa chai yetu. Akaniita Profesa. Akaniuliza nimewahi kuendesha gari gani. Sijawahi. Uso ulinichoma.

Lakini sikunyamaza. Nikasema wapime. Raundi tatu kwa petroli ya kituo, tatu kwa hii yao, na saa nitashika mimi. Kiprono alikubali haraka. Alitaka nishindwe mbele ya watu.

Alhamisi, 7 Agosti

Siogopi.

Uongo. Naogopa watu wengi. Nitaenda.

Jumamosi, 9 Agosti

Vumbi mpaka kwenye meno. Nilisimama peke yangu karibu na mstari, simu ya kupimia muda nimeishika kwa mikono miwili.

Raundi tatu za kwanza kwa petroli ya kituo. Kisha Bett akanyonya kwa mpira ile iliyobaki kwenye tangi, akamimina ya buluu. Moshi ulinuka utamu. Watu wakapiga makofi. Wanapigia makofi harufu.

Raundi tatu tena. Muda wa moja ulipungua kidogo, wa nyingine ukaongezeka kidogo, wa tatu ukawa sawa. Tofauti yote ni ndogo kuliko makosa ya kidole changu. Niliandika na nikamwonyesha Kiprono. Akasema yeye amesikia gari likivuta. Bett akasema nimechelewa kubonyeza, kwamba wasichana hushtuka gari likipita.

Nikamwambia, watu wakisikia, "Basi shika wewe saa."

Alishika. Kiprono akaenda raundi nyingine. Bett aliangalia simu, akanirudishia, akaenda kuangalia magurudumu ya gari la mtu mwingine. Sikucheka. Nilitamani sana kucheka.

Kwenye mbio zenyewe Kiprono alimaliza wa tano. Anaendesha vizuri. Kwenye kona ile ya mawe hakuna aliyemshinda. Hiyo ni mikono yake, si mtungi. Sikupata nafasi ya kumwambia.

Halafu jambo baya. Mbio zilipoisha, kina mama walikuwa wamengoja mitungi mitupu. Madereva wakawagawia. Kiprono hakugawa, alirudi na yetu yote miwili. Mmoja zawadi ya Mama. Wa pili akampa Mama Moraa, jirani yetu, yule anayewauzia wachumaji uji kwenye kituo cha majani ya chai. Nilimwambia ni sumu. Akasema, "Umeshinda mara moja leo. Inatosha."

Jumapili, 10 Agosti

Tulipotoka kanisani Mama aliuosha mtungi wake. Majivu, sabuni, maji ya moto, sabuni tena. Akanusa. Akasema haunuki tena, kesho utabeba maji ya kunywa kwa sababu ule wetu wa zamani unavuja.

Nilimwambia risasi haina harufu. Plastiki imeshainywa, itaitoa polepole ndani ya maji. Akasema nyumba hii imeteka maji kwa mitungi ya dawa za ng'ombe tangu kabla sijazaliwa, na sote tumekua.

Tumekua kweli. Lakini kitabu cha kemia kinasema mtoto hatapiki, hasikii uchungu. Anachelewa tu kuelewa mambo. Mdogo wetu Kibet ana miaka minne. Juzi amejifunza kuhesabu mpaka ishirini, anaruka kumi na saba.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeutoboa.

Kwa panga, mara tatu, mchana, mbele ya mlango wa jikoni. Sikutaka kufanya kwa siri. Mama alikuwa anachambua mboga. Aliniona nikiinua panga.

Mtungi mzuri si kitu kidogo kwetu. Watu hugombana kwa sababu yake. Najua.

"Shule imekuharibu," Mama alisema. Basi.

Kiprono alisema nichapwe. Mama hakunichapa. Alichukua ule unaovuja, akaziba ufa kwa kipande cha sabuni, akaenda mtoni mwenyewe. Nilimfuata ili nimsaidie, akanirudisha kwa mkono bila kugeuka. Hilo limeniuma kuliko fimbo.

Sijutii. Nimeandika tena ili nijue: sijutii.

Jumanne, 12 Agosti

Nilifika langoni kwa Mama Moraa mara mbili nikarudi. Mara ya tatu mbwa alinibwekea na yeye akatoka, ikabidi niingie.

Alikuwa ameshautumia mtungi. Jana na leo. Wachumaji wamekunywa, na binti yake Moraa alikunywa uji uliobaki.

Nilimweleza yote, nikiangalia miguu yangu. Yeye aliketi, akasikiliza mpaka mwisho. Hakubisha kama Mama. Aliuliza tu, "Na hiyo vitabu yako imesema kesho nibebe uji na nini?"



Nimekasirika, na safari hii ni juu yangu mwenyewe. Nilienda na ukweli mikono mitupu. Kusema ukweli ni rahisi kama si wewe unayebeba uji.

Wakati wa chakula nilimweleza Mama, kwa sababu Kiprono alikuwa amenuna na hakukuwa na mwingine. Niliongea na sahani yangu. Mama alimkatia Kibet ugali.

Jumatano, 13 Agosti

Asubuhi nilikuta mkebe wetu mdogo wa maziwa juu ya jiwe, umesuguliwa mpaka unang'aa. Ule wa alumini, wa maziwa ya jioni. Mama alikuwa amenipa mgongo, anafunga ndama.

"Mpelekee Mama Moraa. Mwambie ni wa kuazima."

Nilikimbia. Mama Moraa aliupima kwa macho, akasema ni mdogo, itabidi aende safari mbili. Kisha akamimina. Safari ya pili nilimbebea mimi mpaka kituoni, na wachumaji wakamtania kwamba leo uji umevaa sufuria ya harusi.

Nilirudi na mtungi wake wa buluu. Kiprono alikuwa ameinama chini ya gari. Alitoka, akauchukua mkononi mwangu, akaukata katikati kwa panga. Hakuniangalia. Akasema kona ya mawe aliipita vizuri, si ndiyo? Nikasema ndiyo, kuliko wote.

Jioni Mama amekamia kwenye sufuria. Ng'ombe hakuupenda mlio wake, alikuwa anahamahama. Nilichuchumaa nikaishika sufuria kwa mikono miwili ili isimwagike.