Madaftari Kutoka Kapu la Takataka

S.L.P. 88,
Bariadi.
17 Agosti, 1996.

Mpendwa dada Milembe,

Mwangaluka, dada. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Baridi ya Morogoro imekuachia kifua au bado? Sisi tu wazima. Mama anakwenda kanisani kwa miguu yake, na mimi nimenenepa kama mtu wa kampuni, maana ndivyo nilivyo.

Nakuandikia kushukuru. Likizo ile uliponifundisha kushona madaftari kama masista walivyokufundisha, nilikucheka. Kicheko hicho nakifuta leo.

Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, kampuni moja imepanga lile jengo la ghorofa sokoni. Mimi ndiye mhudumu mkuu, na mdogo pia, kwani niko peke yangu. Kila Ijumaa nachoma takataka. Dada, nimeishi Mwanza, nimepanda lifti, lakini sijaona watu wa kutupa mali kama wasomi. Kiti kikivunjika mguu, kimekufa. Karatasi ikikosewa neno moja, motoni. Baba akichinja ng'ombe, ngozi tulilalia, pembe alitilia tumbaku, hata mbwa alilalamika hakuachiwa kitu. Nikaamua ofisi nayo ni ng'ombe. Viti vitatu vibovu nikatoa viwili vizima. Majani ya chai nikamwagia nyanya nyuma ya choo. Karatasi zilizoandikwa upande mmoja nikazishona kwa shazia na uzi wa magunia, majalada nikakata maboksi. Madaftari arobaini nikapeleka shule ya kwetu Sapiwi. Shimo la moto likaota majani.

Kosa langu ni moja: nilitazama upande mweupe tu.

Meneja wetu, Bwana Athanasi, hakufika kumzika baba mkwe wake, huko huko Sapiwi. Msimu ulimbana. Unajua kwetu hilo ni jambo la kuvunja nyumba. Mkewe akarudi kwa mama yake. Kumbe bwana alikuwa akimwandikia mama mkwe kuomba radhi, anaona aibu, anatupa kapuni. Barua saba. Zote nilizishona katika daftari moja.

Daftari hilo likamwangukia mjukuu wa mama mkwe huyo, binti wa darasa la tatu, akageuza kurasa akamsomea bibi yake zote.

Habari zikafika ofisini. Meneja akaniita.

"Masele, nilikuambia uchome."

"Ndiyo, mzee."

"Basi Jumatatu usije."

Dada, niligeuka niondoke. Niliwaza watoto, nikamwaza mama.

Sijafika mlangoni, bibi huyo akaingia na binti yake, mke wa meneja, jogoo kwapani. Akaketi kwenye kiti nilichotengeneza, kikamstahimili. Kwa heshima ya mkwe hakumtazama meneja. Aligeukia dirisha akasema na binti yake.

"Mwambie mumeo barua zake zimefika. Ile ya tano imenitosha. Ya saba anajisifu."

Meneja alifuta miwani muda mrefu. Kisha akasema, "Masele, mtafutie mama soda." Nikajua Jumatatu nakuja.

Sasa makapu yote ya jengo ni yangu kwa amri yake, ila kila karatasi naisoma pande mbili kwanza. Hapa Bariadi hakuna ajuaye siri nyingi kunishinda.

Ahsante, dada. Ulinishika mkono shazia iliponichoma, na leo mkono huo unalisha nyumba nzima.

Nisalimie shemeji Joakim, Kija na Lukresia. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyosema,

Masele