Nani Anaonja Maji ya Vifaranga

Jumanne, 4 Machi
Vifaranga wawili wamekufa tena. Mharo mweupe, mabawa yameshuka. Nimetwanga mwarobaini, nikachuja, nikawawekea kwenye maji. Kipimo nabahatisha tu. Marehemu mama mkwe alipimia ulimi — yawe machungu, lakini kifaranga asiyakimbie. Mimi alinikataza kuonja kwa kuwa nanyonyesha, ati mtoto atasusa ziwa. Kaondoka na ulimi wake.

Baba watoto kasema kundi hili likifa, banda linafungwa, yeye anaenda migodini. Kasema taratibu. Bora angefoka! Nibaki peke yangu na mtoto kwenye nyumba hii?

Ijumaa, 7 Machi
Makubwa. Nimeingia bandani asubuhi, vyombo vimeshajazwa. Maji ya kijani, yamechujwa safi, hata kipande cha jani hamna. Mimi sijatwanga!

Nimemuuliza baba watoto aliporudi kibaruani. Labda nimesahau, kasema, nimechoka sana siku hizi. Kweli nimechoka. Lakini mchi ningeukumbuka.

Jumapili, 9 Machi
Tena! Na kigoda cha marehemu kimetoka stoo, kiko palepale alipokuwa akikaa. Vifaranga wamelala wamekizunguka.

Hakuna aliyekufa. Wanakula kama wamelaaniwa, wanasukumana, manyoya yanaota. Nafurahi, halafu naogopa kufurahi.

Wifi alipita, nikamweleza. Kacheka mpaka kashika mbavu. "Mama kagoma kustaafu, wifi yangu!" Akaaga haraka lakini. Bandani hakuingia.

Jumatano, 12 Machi
Nimedamka kusudi, mtoto mgongoni. Kumeshapambazuka. Mlango wa banda umeegeshwa.

Ni baba watoto! Kachuchumaa mbele ya kigoda, kikombe mkononi. Anaonja, anatema, anaongeza maji. Nilitaka kucheka — mwanaume mzima, kanizungusha siku zote hizi! Nikawa nafungua mdomo nimtanie.

Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto anayeonyesha kazi ya shule, "Mama, hapo sawa?"

Akatega sikio kuelekea kigodani. Akaitikia kwa kichwa. "Haya. Naongeza kidogo."

Akaongeza.

Vifaranga wazima wote, wamenona. Migodi haitajwi tena. Nilichokuwa naomba nimepata. Nikamshika bega — baridi kama jiwe. Nikamwambia inatosha, mume wangu, yamekolea, njoo unywe chai. Hakugeuka.

"Mwamkie Mama kwanza. Umempita."

Nimerudi jikoni. Chai yake nimeifunika. Kumwacha hivi siwezi. Kumtoa kwa kelele siwezi. Nikisema shikamoo kwa kigoda kitupu, nani atamrudisha ndani? Nisiposema —

Ananiita. Si kwa hasira. Ananibembeleza, anasema Mama keshaitika marahaba, bado mimi tu kuamkia.